MAMA MZAZI NAYE AULIZWE HALI

(Ifuatayo ni matini ya mazungumzo kuhusu afya ya akili ya mama baada ya kujifungua, yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wakaazi wa mjini na mashamba.)





Mwanamke anapojifungua salama, nyumba hujaa watu. Suala la mwanzo la kila anayeingia huwa juu ya mtoto: ni mwanamme au mwanamke, ana uzito gani, kafanana na nani, ataitwa nani. Hata jina la mama hubadilika siku ile ile, kwani aliyekuwa akiitwa kwa jina lake tangu utotoni sasa huitwa Mama Fulani. Huko Usukumani aliyejifungua pacha huwa Mama Kulwa, na mtoto anayefuata baada ya pacha huitwa Shija, hata msikiaji akalijua jina na habari za uzazi kwa pamoja. Yote hayo ni mema. Lakini ni nadra kwa mgeni kukaa kitako akamwuliza mama moyo wake u vipi, na ni nadra zaidi kwa mama kujibu zaidi ya kusema "Alhamdulillahi".

Mazungumzo haya yanakusudia kueleza kwa nini suala hilo linafaa liulizwe, nani aliulize, wakati gani, na afanye nini akishajibiwa. Mfano uliochaguliwa ni wa mji wa Katoro, katika Mkoa wa Geita. Haukuchaguliwa kwa kuwa maradhi haya ni ya huko peke yake, bali kwa kuwa katika mji wa wahamiaji wa namna ile huonekana wazi jambo ambalo visiwani hufunikwa na wingi wa jamaa.

Kabla ya kufika Katoro, hapana budi hali tatu zitenganishwe, kwani watu huzichanganya, na katika kuzichanganya ndiko wagonjwa wanakopotea.

Ya kwanza ni unyonge wa siku za mwanzo. Zaidi ya nusu ya wazazi hupitia hali hiyo. Huanza baina ya siku ya tatu na ya tano, wakati homoni za uja uzito zinapokuwa zimeshuka kwa ghafla baada ya kondo la nyuma kutoka. Mama hulia bila ya sababu, mara hucheka, mara hukasirika. Hali hiyo huondoka yenyewe katika muda wa wiki mbili, na dawa yake ni usingizi, chakula na maneno ya upole.

Ya pili ni sonona ya baada ya kujifungua, nayo ndiyo kiini cha mazungumzo haya. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa, kwa ulimwengu mzima, takriban asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya waliojifungua hupatwa na matatizo ya akili, na zaidi ni sonona. Kwa nchi zinazoendelea viwango hivyo hufikia asilimia 15.6 kwa wajawazito na asilimia 19.8 kwa waliojifungua. Kwa hesabu hiyo, katika kila akina mama watano waliokaa juu ya benchi la kliniki wakisubiri watoto wao wapimwe, mmoja huenda akawa mgonjwa, na wala hakuja kwa ajili ya ugonjwa wake. Sonona haiondoki kwa wiki mbili. Huweza kuanza tangu mimba ingalipo, au wiki chache baada ya kujifungua, au hata mtoto akiwa ameshaanza kukaa. Mama hupoteza hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda, hujiona hafai, hula kidogo au hula bila ya kuonja, na hukaa na mtoto mikononi kana kwamba amebebeshwa mzigo wa mtu mwengine. Ipo alama moja ambayo hata asiyesoma anaweza kuitambua: mama huyo hapati usingizi hata pale mtoto anapolala.

Neno sonona lenyewe si la kila siku midomoni mwa watu. Mgonjwa hatasema kuwa ana sonona. Atasema ana mawazo, au moyo unamwenda mbio, au kichwa kizito, au mwili hauna nguvu. Mwuguzi asiyejua hayo atampa dawa ya kichwa, naye atarudi nyumbani nayo.

Ya tatu ni wazimu wa uzazi, ambao hutokea mara moja au mbili katika kila uzazi 1,000. Aghalabu huanza ghafla ndani ya wiki mbili za mwanzo. Mama hukesha siku kadhaa bila ya kuhisi haja ya kulala, husikia sauti, huamini mambo yasiyokuwapo, na pengine huamini kuwa mtoto si wake au kwamba kuna wanaotaka kumdhuru. Si jambo jipya wala la bara moja. Daktari wa Kifaransa Louis-Victor Marcé alitoa kitabu kizima juu ya maradhi ya akili ya wajawazito na wazazi mwaka 1858. Hali hii ni ya dharura kama ilivyo damu inayotoka bila ya kukatika, na itarejewa hapo mbele.

Sasa Katoro. Mji huo wa biashara uko magharibi ya mji wa Geita, katika barabara ielekeayo Chato na Biharamulo, nao umeshikana na Buseresere, iliyo upande wa Wilaya ya Chato, hata mgeni hajui ameuacha saa ngapi mji huu na kuingia ule. Eneo lote hilo huishi kwa dhahabu. Mgodi wa Geita wa tangu ukoloni ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Mwaka 2012 ukaanzishwa Mkoa wa Geita kwa kumega sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Mbali na mgodi mkubwa wapo wachimbaji wadogo wa Rwamgasa, Nyarugusu, Mgusu na kwengineko, ambao huhama kila isikikapo habari ya rashi mpya. Katoro ni mahali wanapouza na kununua, na ndipo wengi wao wanapopangisha chumba cha kumweka mke.

Chukua mfano, ambao si habari ya mtu mmoja maalumu bali ni wa hali inayojulikana katika miji ya namna hiyo, wa mwanamke wa miaka 20 aliyemfuata mumewe kutoka Kasulu. Mume yuko duarani. Ujira wake ni mgao wa mifuko ya mawe, na mawe yasipotoka hakuna mgao. Anaweza kukaa wiki mbili asirudi, naye si kwamba ametoroka, bali zamu haijampa nafasi. Mke alikuwa akipika na kuuza chakula karibu na karasha hadi mimba ilipokuwa nzito. Amejifungua katika kituo cha afya chenye msongamano, amelala usiku mmoja, na siku ya pili amerudi katika chumba cha bati alichopanga. Mama yake mzazi anamsikia kwa simu tu. Siku ya tano, pale unyonge wa mwanzo unapowashika hata wenye kila kitu, huyu huteka maji mwenyewe, huosha nguo za damu mwenyewe, na hukaa na mlango uliorudishwa kwa kuwa majirani ni wapangaji kama yeye, waliofika juzi na watakaoondoka kesho kutwa.

Mwanamke huyo hana maradhi bado. Amewekwa tu mahali ambapo maradhi hayana kizuizi.

Inafaa hapa ielezwe desturi ya arubaini ilikuwa ikifanya kazi gani, kwani wengi waliokulia visiwani wameiona bila ya kuipima. Mwana mwali anapofikia kujifungua uzazi wa kwanza hurudi kwa mama yake. Huwapo mtu wa kumkanda kwa maji ya moto, wa kumpikia uji na mchuzi wa pilipili manga, wa kumchukua mtoto alfajiri ili mzazi alale. Hatoki, hapiki, hafui. Wapo wasomi waliokuwa wakiziona taratibu hizo kuwa ni ushamba wa bibi. Ukizitazama kwa jicho la tiba utaona ni usingizi uliolindwa, ni lishe baada ya kupoteza damu, ni kupumzishwa kazi na, zaidi ya yote, ni mtu mzima mmoja anayemwona mama kila siku na anayeweza kutambua kwamba jana alikuwa mwengine na leo mwengine. Katoro hakuna wa kufanya hivyo, na haukuwekwa utaratibu wowote badala yake. Hilo si kosa la wanawake wa Katoro. Miji ya Zanzibar nayo inaelekea huko huko kwa kasi, kwani kijana wa Pemba aliyehamia Fuoni kwa kazi na kuoa huko naye amemwacha mama ng'ambo ya bahari.

Hata hivyo, ni vyema ikaelezwa bila ya kificho kuwa arubaini yenyewe ina mapungufu. Kwanza, humalizika. Siku ya arubaini hupikwa, watu hula, jamaa hutawanyika, na mama hukabidhiwa nyumba yake kana kwamba amepona. Sheria ya dini imeeleza muda wa nifasi kwa ajili ya ibada, nao kwa madhehebu ya Shafi huweza kufika siku 60. Haikusema kuwa moyo utatulia kwa kalenda hiyo. Sonona haihesabu siku. Pili, wingi wa jamaa huweza kuwa pazia. Ni vigumu kwa binti kusema amechoka na maisha mbele ya mama aliyezaa saba na shangazi aliyezaa tisa, ambao wote watamwambia kwamba uzazi ndivyo ulivyo.

Wapo pia wanaodhani kwamba kulalamika kwa mzazi ni upungufu wa shukurani au wa imani. Kwa hao ingefaa warejee Surat Maryam. Humo imesimuliwa kwamba Bibi Maryam, aliye mfano wa wanawake wema, uchungu ulipompeleka kwenye shina la mtende, alitamani lau angekufa kabla ya siku ile na akasahauliwa kabisa. Hakukemewa kwa kauli hiyo. Hakuambiwa kwamba wengine wamezaa na hawakusema hivyo. Aliliwazwa asihuzunike, akaelekezwa kwenye maji yaliyo chini yake na kwenye tende mbivu, na akapewa ruhusa ya kutosema na watu siku ile. Mwalimu wa madrasa anayewaeleza wanafunzi wake kisa hicho kila mwaka anaweza kuwaeleza na baba zao maana yake kwa nyumba zao.

Nyumba ya mama mgonjwa isiposaidiwa, hasara huanza kuonekana kwa mtoto. Mama aliyekata tamaa hunyonyesha kwa vipindi vilivyopungua, husahau kliniki, hachezi na mtoto wala hasemi naye, na uzito wa mtoto huanza kulala kwenye kadi. Hapo ndipo linapoingia neno moja zito, lijulikanalo karibu katika Tanzania nzima: mtoto amebemendwa. Maana yake ni kwamba mmoja wa wazazi, na aghalabu kidole huelekezwa kwa mama, amekwenda kinyume na mwiko wa kujizuia wakati wa kunyonyesha. Hivyo mwanamke aliyekuwa akijiona hafai sasa husikia ua mzima ukithibitisha. Ataacha kumpeleka mtoto kupimwa kwa kuona haya mbele ya wenzake, na mtoto atazidi kukonda, na kukonda kwake kutazidi kuwa ushahidi. Mtumishi wa afya anayelitamka neno hilo kwenye mzani, hata kwa mzaha, anafanya madhara ambayo dawa zote za ghalani hazitoyaondoa.

Ikiwa hali ni ya wazimu, tafsiri huwa ya aina nyingine. Pwani na visiwani hutajwa pepo na jini. Usukumani hutajwa uchawi, na tafsiri hiyo imewahi kuwagharimu wasiohusika. Kwa miongo mingi katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na sehemu za Geita ya leo, wanawake vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Familia inayotafuta aliyemroga mzazi wao inaweza kumfikia bibi jirani, ambaye pengine ndiye mtu pekee katika kitongoji aliyewahi kulea wazazi kumi.

Na bibi wa namna hiyo ana thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006, huko Mbare katika jiji la Harare, kuwafundisha wanawake wazee kukaa juu ya benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye mawazo kwa utaratibu maalumu, wakiwasaidia kulichambua tatizo moja moja na kulitafutia njia. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa waliohudumiwa na mabibi hao walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Vijijini Pakistan, Profesa Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wanawake wa vijiji, wasiokuwa madaktari wala wauguzi, kuwatembelea akina mama wenye sonona tangu mwisho wa mimba hadi miezi kumi baada ya kujifungua. Matokeo yao, yaliyotolewa mwaka 2008, ni ya kushangaza kwa wepesi wa dawa yenyewe: mtoto alipofika miezi sita, akina mama waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23 katika kundi lililosaidiwa na asilimia 53 katika kundi la pili, ambalo nalo lilitembelewa lakini bila ya mazungumzo hayo.

Inafaa izingatiwe kuwa makundi yote mawili yalitembelewa. Tofauti ilikuwa ni kile kilichozungumzwa.

Tanzania haikosi watu wa kuifanya kazi hiyo. Zanzibar, kupitia mpango wa Jamii ni Afya, imekuwa ikiwatumia wahudumu wa kujitolea kuzitembelea kaya. Kwa upande wa Bara, mwaka 2024 ulizinduliwa mpango wa kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika muda wa miaka mitano. Mhudumu akiingia chumba kile cha Katoro kuangalia kitovu cha mtoto na chandarua, ameshafika penye mgonjwa. Limebaki suala.

Nafasi ya pili ya kuuliza ni kliniki. Mtoto hupelekwa kuchanjwa akiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14 na miezi tisa, na safari zote hizo mama ndiye ambebaye. Kwenye kadi ya mtoto huchorwa mstari wa uzito, ukipanda watu hufurahi, ukishuka hushituka. Hakuna mstari unaochorwa kuonyesha moyo wa mama umepanda au umeshuka. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake juu ya huduma baada ya uzazi, lilitaka mama achunguzwe pia sonona na wasiwasi. Kipimo kinachotumika zaidi duniani kilitungwa Scotland mwaka 1987 na hujulikana kwa jina la mji wa Edinburgh. Kina masuala 10 kuhusu siku saba zilizopita, na la kumi linahusu fikra za kujidhuru. Wapo wauguzi wanaoogopa kuuliza suala hilo wakidhani watampa mama wazo ambalo hakuwa nalo. Uzoefu wa matabibu ni kinyume chake: mwenye wazo hilo hupata nafuu kuulizwa, na asiyekuwa nalo hujibu hapana na mazungumzo yakaendelea.

Kwenye kliniki yenye foleni ya watu 80 na mwuguzi mmoja, masuala 10 ni mengi, na kusema vyenginevyo ni kuwadanganya wauguzi. Masuala mawili yatatosha kwa kuanzia: katika mwezi uliopita, je, mara nyingi umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Na je, mambo uliyokuwa ukiyapenda yamekuwa hayakufurahishi tena? Yaulizwe kwa sauti ya chini, mbali na wengine, na mume asiwepo. Kuhusu mume ipo sababu. Utafiti uliofanywa Moshi kwa zaidi ya wajawazito 1,000, na kutolewa mwaka 2017, ulionyesha kuwa hatari ya sonona baada ya kujifungua ilikuwa takriban mara tatu kwa wanawake waliofanyiwa ukatili na wenza wao wakati wa mimba. Mama anayepigwa hatojibu kweli mbele ya anayempiga.

Kuna kundi moja ambalo mpango huu wa kliniki hauligusi, nalo ndilo lenye majonzi kuliko yote: akina mama waliorudi nyumbani mikono mitupu. Aliyezaa mtoto mfu hana kadi, hana tarehe ya chanjo, na kwa hiyo hana siku ya kuulizwa. Katika maeneo ya dhahabu jambo hili lina uzito wa pekee, kwani watafiti wa Mwanza waliopima zebaki na aseniki kwa wajawazito wa maeneo ya wachimbaji wadogo waliripoti mwaka 2020 kuwepo kwa uhusiano baina ya sumu hizo na kuharibika kwa mimba na watoto kuzaliwa wafu. Mama wa namna hiyo huambiwa na kila mtu kwamba atapata mwengine. Angefaa kupangiwa siku yake ya kurudi kituoni, na iandikwe.

Mama akijibu ndiyo, si lazima apewe rufaa ya mbali. Wengi hutosheka na kusikilizwa mara kwa mara na mtu aliyefundishwa, kupimwa damu ili ijulikane kama ana upungufu, na kupangiwa na jamaa zake angalau saa nne mfululizo za usingizi. Wasiopata nafuu hupelekwa kwa daktari, na zipo dawa ambazo mama anayenyonyesha anaweza kuzitumia kwa uangalizi wake. Kumwachisha mtoto ziwa kwa ghafla bila ya ushauri ni kosa.

Kwa upande wa sheria, yapo mambo mawili ya kutajwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, ya mwaka 2004, imempa mama mwenye mtoto mmoja likizo ya siku 84, na mwenye zaidi ya mmoja kwa uzazi huo siku 100. Baba amepewa siku tatu. Siku tatu humalizika kabla ya unyonge wa mwanzo kuanza. Mkuu wa idara anayeombwa na kijana wake ruhusa ya kuwahi nyumbani katika wiki ya kwanza na ya pili anaombwa jambo la kitabibu, na hafai kulichukulia kuwa ni uvivu. Mchimbaji wa duarani hana hata siku hizo tatu.

Jambo la pili ni zito. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, Sura ya 16, katika kifungu cha 199, inatambua kuwa mwanamke anaweza kumwua mtoto wake wa chini ya miezi 12 wakati akili yake imevurugika kwa kutopona sawasawa athari za kujifungua au za kunyonyesha, na inataka asihukumiwe kama mwuaji wa kukusudia. Uingereza ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1922, ikaifanyia marekebisho mwaka 1938. Kwa hiyo mahakama inayajua maradhi haya kwa miaka mingi. Humjua mama huyo baada ya mtoto kufa. Zahanati ndiyo inayotakiwa imjue kabla.

Ndiyo maana wazimu wa uzazi haupaswi kusubiri. Mzazi asiyelala siku mbili tatu na wala hahisi kuchoka, anayesema maneno yasiyoeleweka, anayemwogopa au kumshuku mtoto wake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asiachwe peke yake na mtoto hata kwa muda wa kwenda kisimani. Asifungwe kamba, asipigwe, na asiwekwe kwa mganga kwa siku saba kwanza. Anayetaka kumsomea na amsomee njiani au kitandani hospitalini. Unguja, mahali pa kupelekwa ni Hospitali ya Kidongo Chekundu, na aliye mbali aanzie kituo cha afya kilicho karibu. Kwa wa Katoro zipo hospitali za Geita na Chato, na rufaa ya juu ni Bugando, Mwanza, ambako zamani gari la mgonjwa lililazimika kusubiri kivuko cha Busisi, na tangu Juni 2025 linapita juu ya daraja. Anayempeleka achukue kadi ya kliniki ya mama, dawa zozote alizokuwa akitumia, na mtoto pia pamoja na mtu mzima wa kumshika, kwani mama atakapotulia, na wengi hutulia wakitibiwa mapema, atamwuliza.